Ushauri: kuzunguka miji kadhaa ya Ulaya kwa treni nikiwa peke yangu

Mwalimu_wa_Lindi ameuliza:

Salaam, wanajukwaa.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, ninaishi Lindi, na kwa miaka mingi nimewachorea wanafunzi ubaoni mito na milima ya Ulaya ambayo sijawahi kuitia machoni. Sasa nimejiwekea akiba, mkuu wa shule ameniruhusu kuchukua likizo yangu ya mwaka mwezi Septemba, na ninakusudia kusafiri peke yangu kwa muda wa wiki mbili na siku chache, nikihama mji hadi mji kwa treni. Ndege nitapanda ya kwenda na ya kurudi tu. Katikati nataka nikae dirishani nione nchi inavyobadilika.

Mpango nilioutengeneza ni huu: nishukie Amsterdam, kisha Brussels, Paris, Berlin, Prague, Vienna, Venice na Roma, halafu nirudi Amsterdam kwa treni ili nipande ndege ya kurudi Dar es Salaam. Treni si ngeni kwangu, kwa kuwa nimesafiri na TAZARA na pia na treni ya umeme ya SGR hadi Dodoma, lakini sijui kama uzoefu huo utanifaa kitu huko.

Ninaomba ushauri katika mambo manne. Je, miji hii ni mingi mno? Je, ni bora ninunue pasi moja inayotumika katika nchi nyingi, au tiketi ya kila safari peke yake? Viza niiombe ubalozi gani, ikiwa nchi ninazopita ni saba? Na la mwisho, ambalo linawasumbua ndugu zangu kuliko linavyonisumbua mimi: je, mwanamke wa makamo anayesafiri peke yake, tena Mwafrika, atakuwa salama katika treni hizo, hasa za usiku?

Natanguliza shukrani.

Mkazi_wa_Leipzig amejibu:

Mwalimu, karibu. Nimeishi mashariki mwa Ujerumani kwa muda mrefu na treni ndiyo usafiri wangu wa kawaida, kwa hiyo nitalijibu swali la kwanza kwa kirefu, kwa sababu majibu ya hayo mengine yote yanalitegemea.

Ndiyo, miji ni mingi mno, na tatizo haliko katika idadi peke yake bali katika namna ulivyoipanga. Kutoka Amsterdam hadi Brussels ni saa 2 hivi, na kutoka Brussels hadi Paris ni chini ya saa moja na nusu. Sehemu hiyo inakudanganya uone kwamba Ulaya yote ni ya karibu. Paris hadi Berlin ni takriban saa 8. Berlin hadi Prague ni zaidi ya saa 4, Prague hadi Vienna ni saa 4, Vienna hadi Venice ni saa 7 hivi, Venice hadi Roma ni kama saa 4. Kisha unataka kuirudia njia yote kutoka Roma hadi Amsterdam, safari inayomeza mchana mzima na usiku wake, pamoja na kubadilisha treni, kwa lengo moja tu la kuifuata ndege. Ongeza jambo ambalo ratiba haikuambii: kila unapohama mji, hata kama safari yenyewe ni fupi, nusu ya siku hupotea katika kufungasha, kwenda stesheni, kufika, kutafuta hoteli na kusubiri muda wa kukabidhiwa chumba. Ukihama mara nane katika wiki mbili, utakachokijua zaidi ni ukumbi wa stesheni.

Ninachokushauri ni kuufanya mpango uwe mstari mmoja unaokwenda mbele bila kurudi nyuma. Nunua tiketi ya ndege ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine. Kwa kuwa KLM inatua Dar es Salaam, shirika hilo hilo linaweza kukupeleka Amsterdam na kukurudisha kutoka Vienna au Venice kwa kuunganisha Amsterdam, na mara nyingi nauli ya aina hiyo haitofautiani sana na ya kwenda na kurudi mji ule ule. Ethiopian nayo ina safari za Vienna na Roma kupitia Addis Ababa. Mstari wenyewe uwe Amsterdam, Berlin, Prague, Vienna, na Venice ikiwa siku zitatosha. Brussels, Paris na Roma ziache. Najua kuiacha Paris kunauma, lakini Paris haiko njiani. Ukiitaka kwa dhati, basi jenga safari nyingine kabisa ya Paris, Lyon, Milan, Venice na Roma, na uiache Berlin. Mistari hiyo miwili ni mizuri yote. Kuichanganya ndiko kunakoharibu.

Mimi ningechagua ule wa kwanza, na kwa mtu wa Lindi sababu ni ya wazi. Katika makumbusho ya elimu ya viumbe ya Berlin, Museum für Naturkunde, umesimamishwa mfupa kwa mfupa mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, aliyechimbuliwa kwenu wakati wa msafara wa Wajerumani wa mwaka 1909 hadi 1913, kazi ambayo mikono yake ilikuwa ya Watanganyika kwa mamia. Wanafunzi wako wanastahili mwalimu aliyemwona. Ukipata nafasi, fika pia mtaa wa Wedding, katika eneo lenye majina ya mitaa ya Kiafrika, ambako tangu Agosti 2024 kuna barabara inayoitwa Maji-Maji-Allee.

Na njia yenyewe ni somo la jiografia. Baada ya Dresden, treni ya kwenda Prague hufuata bonde la mto Elbe kati ya miamba ya mchanga, karibu kabisa na maji. Kutoka Vienna kwenda Venice mchana utapita reli ya Semmering, iliyojengwa kati ya mwaka 1848 na 1854 chini ya mhandisi Carl von Ghega, wakati ambapo injini zenye nguvu ya kupanda mlima ule zilikuwa hazijapatikana. Ilibidi reli ijengwe kwanza na injini zitafutwe baadaye. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1998. Ndiyo maana, ijapokuwa kuna treni ya usiku kutoka Vienna hadi Venice, mimi singekushauri uipande: utaokoa gharama ya hoteli ya usiku mmoja na kuipita milima ya Alps ukiwa umelala.

Bara_na_Pwani amejibu:

Mwalimu, shikamoo. Niko Mombasa na nimeshaomba viza ya Schengen, yaani ya eneo la nchi za Ulaya zisizo na ukaguzi wa kawaida wa mipaka kati yao, kwa safari za namna hii, kwa hiyo nitabaki kwenye swali la tatu.

Kwa sisi wenye pasipoti za Afrika Mashariki, safari ya treni Ulaya haianzi kwenye ramani wala kwenye tiketi, huanza kwenye hesabu ya usiku. Kanuni ni kwamba ombi hupelekwa kwa nchi ambayo ndiyo shabaha kuu ya safari, yaani ile utakayokaa siku nyingi zaidi, na pale siku zinapolingana, kwa nchi ambayo utaingilia kwanza. Nchi zote saba ulizozitaja zimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo viza moja inatosha. Ukipanga Amsterdam usiku 3, Berlin 4, Prague 3 na Vienna 4, tayari umejitengenezea utata kati ya Ujerumani na Austria, na afisa anaweza kukuuliza kwa nini umekwenda kwake badala ya kwa jirani. Ongeza usiku mmoja Berlin, au ulale Dresden njiani, utata unakwisha: ubalozi wako ni wa Ujerumani, na kila karatasi unayoambatanisha iseme jambo hilo hilo.

Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na haurudishiwi ukikataliwa. Ombi huruhusiwa kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisichelewe chini ya siku 15. Lakini usizichukulie siku 15 kuwa ni mpango, kwa sababu uamuzi unaweza kufikia siku 45 na nafasi ya miadi yenyewe huwa ngumu kupatikana majira ya watu wengi. Kwa safari ya Septemba, anza kutafuta miadi mwezi Mei. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Schengen. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000 na iwe halali katika nchi zote za Schengen. Barua ya mwajiri inayosema una kazi, una likizo na unatarajiwa kurejea ina uzito mkubwa kwa mwombaji anayesafiri peke yake, pengine kuliko salio la benki lililoingizwa kwa mkupuo wiki iliyopita, jambo ambalo maafisa wanalijua vizuri sana.

Hoteli weka zile zinazoruhusu kughairi bila makato. Tiketi za treni usizilipie kabla ya viza kutoka; andika ukurasa mmoja wa ratiba ukionyesha tarehe, mji, jina la hoteli na treni unayokusudia kupanda. Ukurasa huo, ukiwa umeandikwa kwa mantiki na unalingana na hoteli, hufanya kazi nzuri kuliko rundo la tiketi.

Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya. London haimo katika Schengen: ukitamani kuiongeza utahitaji viza nyingine ya Uingereza, pamoja na viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja ikiwa utarudi bara. Pili, utasikia habari za kibali cha mtandaoni kiitwacho ETIAS. Hicho ni kwa raia wasiohitaji viza, hakikuhusu. Tatu, tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen ilianza kutumia mfumo wa kuandikisha alama za vidole na picha ya uso badala ya muhuri, kwa hiyo siku ya kurudi fika uwanja wa ndege mapema zaidi ya ulivyozoea.

Abiria_wa_Dirishani amejibu:

Dada Mwalimu, mimi pia ni mwanamke, nimesafiri peke yangu katika njia hizo hizo, na ninataka nilijibu swali la nne bila kukutisha wala kukupamba.

Ndani ya treni, mwanamke mmoja aliyekaa na kitabu ni jambo la kila siku kiasi kwamba hakuna anayekutazama mara mbili. Hatari ya kweli ni wizi mdogo, na mahali pake ni stesheni kubwa, ngazi zinazotembea, na zile dakika mbili kabla milango ya treni haijafungwa, wakati kila mtu anasukuma sanduku na hakuna anayeangalia mkoba wake. Pasipoti, kadi ya pili ya benki na fedha kidogo vikae mwilini, chini ya nguo. Simu usiishike mlangoni treni inaposimama. Sanduku liwe lile unaloweza kulinyanyua mwenyewe hadi kwenye rafu iliyo juu ya kichwa chako na kulishusha ngazi pale lifti inapokuwa mbovu, kwa kuwa ukiwa peke yako hakuna wa kukulindia kubwa wakati unapandisha dogo. Hili ndilo sharti ambalo nisingelilegeza hata kidogo. Ukienda msalani, mkoba unakwenda nawe. Sanduku la nguo linaweza kubaki.

Panga kufika kila mji kukiwa bado kweupe. Hilo ni muhimu kuliko kuchagua treni ya bei nafuu zaidi. Mwezi Septemba jua huchelewa kuzama kuliko kwetu, lakini kufika saa 5 usiku katika mji usioujua, ukitafuta hoteli katika mtaa wa nyuma ya stesheni, ni kujitafutia mashaka. Hoteli ichague karibu na stesheni ya treni za chini ya ardhi au kituo cha tramu, si lazima karibu na stesheni kuu, maana pembezoni mwa stesheni kuu za Ulaya mara nyingi si mahali pa kutembea usiku.

Kuhusu treni za usiku, nakubaliana na ndugu wa Leipzig kwamba kwa Semmering upande ya mchana, lakini nisingependa uondoke hapa ukidhani treni ya usiku haifai kwa mwanamke. Treni za Nightjet za Austria zina vyumba vya vitanda vilivyotengwa kwa wanawake pekee, unavichagua wakati wa kuweka nafasi, na mlango hufungwa kwa ndani. Kile ambacho sikipendekezi ni behewa la viti: nauli ni ndogo, taa haizimwi sawasawa, watu wanapanda na kushuka usiku kucha, na asubuhi unafika ukiwa huna faida yoyote ya siku hiyo.

Sasa lile la Uafrika, ambalo wengi hulipita kimya. Ijapokuwa ndani ya Schengen hakuna ukaguzi wa kawaida wa mpakani, nchi zinaruhusiwa kuurejesha kwa muda, na Ujerumani imekuwa ikikagua mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024. Polisi hupanda treni na kupita kati ya viti. Mara nyingine hukagua wote, mara nyingine huchagua, na ukiwa mweusi katika behewa la watu weupe usishangae kuwa wewe ndiye uliyechaguliwa. Inaudhi, na una haki ya kuudhika. Lakini jibu lake ni pasipoti halisi yenye viza, si nakala wala picha ya simu, pamoja na tiketi na jina la hoteli unayokwenda. Hudumu dakika moja. Njia yako inavuka mpaka wa Ujerumani mara mbili, kutoka Uholanzi na kuelekea Ucheki, kwa hiyo siku hizo mbili pasipoti isikae sandukuni.

Namba ya dharura katika nchi zote hizo ni 112, na hupigwa bure.

Pasi_Mkononi amejibu:

Naona wote mmelikwepa swali la pili, nami ndilo ninalolipenda. Mwalimu, chukua pasi. Kwa wakazi wa nje ya Ulaya inaitwa Eurail; ile ya Interrail ni ya wakazi wa Ulaya, ni sawa kwa matumizi lakini huruhusiwi kuinunua. Inafanya kazi katika nchi 33, unaipakia kwenye simu, unachagua idadi ya siku za kusafiri, kwa mfano siku 5 ndani ya mwezi mmoja, na katika siku uliyoitumia unaweza kupanda treni nyingi upendavyo. Thamani yake ni uhuru. Ukiamka Prague ukaipenda, unabaki siku moja zaidi bila kupoteza tiketi; treni ikichelewa, unapanda inayofuata bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa mtu anayesafiri peke yake, ambaye halazimiki kukubaliana na yeyote, uhuru huo ndio raha yote ya safari.

Mkazi_wa_Leipzig amejibu:

Ndugu Pasi_Mkononi, uhuru unaousema upo, lakini si kila mahali. Ufaransa, Italia na Hispania treni zote za mwendokasi hudai kiti kihifadhiwe kwa malipo ya ziada hata kama una pasi, Eurostar, treni ya mwendokasi ya Amsterdam, Brussels, Paris na London, hudai kiasi kinachouma zaidi, na nafasi za wenye pasi huwa na kikomo, zikiisha zimeisha. Uhuru wa kweli wa pasi uko Ujerumani, Austria, Uswisi na Ucheki, ambako treni nyingi za mchana hupandwa bila kuhifadhi kiti.

Zaidi ya hapo, mwalimu ana mstari wa safari nne tu, na tarehe zake zimeshaandikwa mbele ya ubalozi. Pasi ya siku chache kabisa kwa mtu mzima inazidi euro 200. Tiketi za mapema za Amsterdam–Berlin, Berlin–Prague, Prague–Vienna na Vienna–Venice, zikinunuliwa wiki kadhaa kabla katika tovuti za mashirika yenyewe ya reli, kwa kawaida hujumlika kuwa chini ya hapo, na sehemu ya Prague–Vienna ni nafuu sana kwa sababu kampuni zaidi ya moja zinagombania abiria. Pasi ingekuwa na maana kama angekuwa na mwezi mzima na kila siku ya tatu yuko njiani, au kama viza ingetoka wiki moja kabla ya safari wakati tiketi za bei ya chini zimekwisha. Kwa hali hiyo ya pili, ninakubali kabisa: nunua pasi, bei yake haipandi kadiri tarehe inavyokaribia.

Mwalimu_wa_Lindi amejibu:

Ninawashukuru wote. Nimeketi na kalamu, nimeifuta Paris, Brussels na Roma, nikabaki na Amsterdam usiku 3, Berlin 5, Prague 3, Vienna 3 na Venice 2, kisha ndege ya kurudi kutoka Venice. Kwa hesabu hiyo ninaona ubalozi ni wa Ujerumani bila ubishi.

Limebaki jambo moja. Nimesoma kwamba treni za Ujerumani zinachelewa, nami sikulitarajia, kwa sababu sifa tuliyoisikia ni kinyume. Nikinunua tiketi ya bei ya chini ambayo imefungwa kwenye treni moja, na treni hiyo ikachelewa au ikafutwa, nitafanyaje nikiwa peke yangu na sijui Kijerumani? Na je, kuna ukaguzi wa kuingia stesheni kama ule wa SGR, unaotaka kitambulisho na mizigo kupita kwenye mashine?

Mkazi_wa_Leipzig amejibu:

Sifa hiyo imepitwa na wakati, Mwalimu. Mwaka 2024 ni asilimia 62.5 tu ya vituo vya treni za masafa marefu za Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, vilivyofikiwa kwa wakati, na huko kuchelewa chini ya dakika 6 hakuhesabiwi. Sababu kubwa ni reli na mifumo ya ishara iliyochakaa kwa kukosa matengenezo ya miaka mingi, na sasa inatengenezwa huku treni zikiendelea kupita, jambo linalozidisha ucheleweshaji kabla ya kuupunguza. Kwa hiyo usipange kana kwamba treni itafika kwa wakati. Panda inayoondoka asubuhi, ili ikifutwa kuwe na nyingine tatu nyuma yake siku hiyo hiyo, na pale penye kubadilisha treni acha saa nzima katikati, hata kama tovuti inakuonyesha dakika 9 na kukuambia zinatosha. Afadhali zaidi, chagua zile zinazokwenda moja kwa moja. Kwa bahati nzuri zipo katika sehemu zote nne za mstari wako.

Kuhusu tiketi iliyofungwa kwenye treni moja: shirika la reli la Ujerumani huifungua yenyewe pale inapotarajiwa kwamba utafika mwisho wa safari ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi, na hapo unaruhusiwa kupanda treni nyingine kuelekea huko. Piga picha ya ubao au ya taarifa ya ucheleweshaji katika programu ya simu, ili mkaguzi wa tiketi akiuliza uwe na cha kumwonyesha. Hakikisha tu kwamba safari nzima ya siku iko katika tiketi moja, kwa sababu ukinunua vipande viwili mbalimbali ili kuokoa euro 4, kipande cha pili hakilindwi na ucheleweshaji wa cha kwanza. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, ukichelewa kufika kwa dakika 60 hadi 119 unadai robo ya nauli, na kuanzia dakika 120 unadai nusu. Fedha haziji zenyewe. Unajaza fomu, na unaweza kuijaza ukiwa umeshafika Lindi.

Ukaguzi kama wa SGR haupo. Hakuna geti la kitambulisho, hakuna mashine ya mizigo, hakuna sharti la kufika saa nzima kabla. Unaingia kutoka barabarani hadi kwenye jukwaa, na tiketi hukaguliwa treni ikiwa imeshaondoka. Vizuizi vya kufungua kwa tiketi utavikuta Uholanzi katika stesheni nyingi, basi. Uhuru huo una gharama yake: hakuna wa kukuelekeza, na behewa utalitafuta mwenyewe. Jukwaa refu limegawanywa kwa herufi, na ubao huonyesha behewa namba fulani litasimama kwenye herufi gani. Simama hapo kabla treni haijaingia, badala ya kukimbia na sanduku. Soma pia maandishi yaliyo mlangoni kabla ya kupanda, kwa kuwa treni nyingine hukatwa vipande viwili njiani, nusu ikaenda mji huu na nusu mji ule.

Abiria_wa_Dirishani amejibu:

Naongeza mambo madogo ya fedha. Prague hawatumii euro, wanatumia koruna, na mashine ya kadi ikikuuliza kama unataka kulipa kwa sarafu ya kwenu au ya pale, chagua ya pale daima, kwani ile nyingine hubadilishwa kwa kiwango cha kukuumiza. Waarifu benki yako kabla hujaondoka, na uwe na kadi mbili. Vyoo vya stesheni hulipiwa, kwa hiyo weka sarafu za euro karibu. Vya ndani ya treni ni bure.

Venice ina stesheni mbili. Mestre iko bara, Santa Lucia iko ndani ya kisiwa na ukitoka mlangoni unakutana na mfereji. Hoteli za Mestre ni nafuu sana, na treni kati ya stesheni hizo mbili huchukua dakika 10 hivi. Kwa usiku 2 tu, na kwa sababu utakuwa unaelekea uwanja wa ndege ambao nao uko bara, mimi ningelala Mestre. Hakikisha tiketi yako ya kutoka Vienna inaishia stesheni ile uliyolala.

Mwalimu_wa_Lindi amejibu:

Ahsanteni sana. Mestre nimeiandika. Swali langu la mwisho ni dogo: nikihifadhi kiti kati ya Berlin na Prague, niombe upande gani ili niuone mto?

Mkazi_wa_Leipzig amejibu:

Kushoto, ukielekea Prague. Reli iko ukingo wa magharibi wa Elbe, na maji yatakuwa upande wako kuanzia muda mfupi baada ya Dresden. Kuhifadhi kiti kwa treni za Ujerumani ni zaidi kidogo ya euro 5, na kwa njia hiyo, Septemba, lipa. Treni hujaa watu wa mabegi ya mgongoni wanaoshuka Bad Schandau kupanda miamba. Angalia tu mchoro wa behewa kabla hujathibitisha, kwa sababu baadhi ya viti vinavyoitwa vya dirishani vimekaa mbele ya ukuta kati ya madirisha mawili.